Siku Kama ya Leo: Namna ya Kuandaa Ubao wa Tarehe Zilizogongana, Skulini na Maskani

Tarehe 15 Aprili 1872, katikati ya masika, kimbunga kiliipiga Unguja. Minazi na mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba, na majahazi na meli za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, zikavunjika bandarini. Tarehe 15 Aprili 1912, miaka 40 kamili baadaye, Titanic ikazama katika Bahari ya Atlantiki. Matukio haya mawili hayana undugu wowote. Lakini yabandike pamoja ukutani uone: wanafunzi watasimama kusoma, na wazee wa maskani wataweka dhumna chini na kuanza kubishana.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa historia, kiongozi wa klabu ya skuli, kijana wa redio ya jamii, au yeyote mwenye ukuta na watu wanaopita mbele yake. Gharama ni ndogo: kaunta buku moja, karatasi za manila, kalamu nene, na simu yenye kalenda. Kazi yenyewe iko kwenye kuhakiki. Tarehe zilizogongana zimejaa mitandaoni, na nusu yake ukizigusa tu zinabomoka.

Hatua ya kwanza: jaza tarehe za nyumbani kwanza

Ligawe kaunta buku kwa siku 366, si 365. Kisha usikimbilie mambo ya Roma na Paris. Anza na yale ambayo msomaji wako anaweza kwenda kuyatazama kwa miguu yake.

Utakuwa na 12 Januari 1964, Mapinduzi. Utakuwa na 26 Aprili 1964, Muungano. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa pale Kisiwandui, na 10 Disemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza biashara hiyo baharini, na 6 Aprili 1897 Sultani mwingine, Sayyid Hamoud, akatoa amri ya kuuondoa utumwa kisheria. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza walipeana visiwa na mipaka huko Berlin, wenyewe hatukuulizwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandarini Unguja. Na 5 Septemba 1946 alizaliwa Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury.

Kwa tarehe nyingine nenda penye maandishi: jengo la nyaraka pale Kilimani, makumbusho, magazeti ya zamani, na mawe ya makaburi. Jiwe la kaburi lina faida moja juu ya mtandao, kwamba aliyeliandika alilipia kila herufi.

Hatua ya pili: jua ni kalenda gani na ni usiku wa nani

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usipite haraka.

Sisi huku tunaishi na kalenda zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Barua na hati za zamani za Kiarabu zina tarehe za Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku kama 11. Ndiyo maana mwaka 2015 ulikuwa na Maulidi mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Kigeuzi cha kwenye simu kitakupa tarehe ya miladi, lakini kigeuzi hakikutoka nje kuutafuta mwezi. Mwezi ukiandama siku moja mbele au nyuma, tarehe yako nayo inasogea. Dawa yake ni siku ya wiki. Hati ikisema Ijumaa na kigeuzi kikisema Alhamisi, mwamini mwandishi wa hati. Ijumaa alikwenda msikitini, hawezi kuikosea.

Makunduchi nao wana hesabu yao. Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, unafuata mwaka wa jua wa siku 365 usio na siku ya nyongeza, kwa hiyo kila baada ya miaka minne unarudi nyuma siku moja ukiulinganisha na kalenda ya ukutani. Siku hizi unaangukia Julai. Usiupe ukurasa mmoja wa kudumu katika daftari lako.

Kisha kuna suala la usiku. Kwa hesabu ya dini, na kwa mazungumzo ya wazee wetu wengi, siku huanza jua linapokuchwa. Usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia mchana wa Jumapili. Kwa mtu wa ofisini huo ni usiku wa Jumamosi. Mapinduzi yalianza usiku huo: Jumamosi 11 Januari jua limekwisha kuzama, kukikucha Jumapili 12, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Ukimhoji bibi au babu aliyekuwepo, usimuulize "tarehe ngapi?" Muulize hivi: "Shikamoo bibi. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, au ni Jumapili yenyewe ilipokuchwa?" Swali hilo atalijibu bila kusita, kwa sababu anakumbuka asubuhi iliyofuata ilikuwaje.

Na saa pia. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliipiga mizinga kasri la Unguja alimokuwa Sayyid Khalid, na vitabu vya Kiingereza vinasema muda waliopewa watu wake kabla ya hapo uliisha saa "9". Nimeona tafsiri zinazoandika "saa tisa", na mizinga ikahamishiwa alasiri! Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Mwisho wa hatua hii fungua kalenda ya simu, irudishe mpaka mwaka unaoutaka, utazame siku ya wiki. Tarehe 27 Agosti 1896 lazima iwe Alhamisi. Tarehe 7 Aprili 1972 lazima iwe Ijumaa. Chanzo kinachokupa siku tofauti, kitilie shaka na mengine yote kilichosema.

Hatua ya tatu: mtafutie mwenzake, kisha uliza kama ni bahati au ni makusudi

Kumpata mwenzake ni rahisi mno. Mwalimu wa hesabu anaweza kukusaidia kuonyesha hilo darasani: ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuchangia tarehe ya kuzaliwa unazidi nusu, na darasa likiwa na watoto 50 unafika asilimia 97. Darasa zetu zinapita 50 bila taabu, kwa hiyo jaribio litafaulu karibu kila mara. Ikiwa watoto wa skuli moja wanagongana hivyo, matukio ya dunia nzima kwa karne kadhaa yataachaje kugongana? Kwa hiyo "zimegongana" peke yake si habari.

Kwanza toa zile zilizogongana kwa kupangwa. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilizaliwa 5 Februari 1957, na CCM ikazaliwa 5 Februari 1977. Hakuna muujiza hapo. Waliounganisha vyama waliichagua siku hiyo. Ibandike, lakini useme wazi kwamba ilichaguliwa.

Wakati mwingine nusu moja imechaguliwa na nusu haikuchaguliwa, na hapo utamu unaanza. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi, 25 Disemba 1873. Wamisionari waliitaka siku hiyo. Tarehe 25 Disemba 2020, katika Mji Mkongwe huohuo, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani, ikaporomoka. Hiyo haikupangiwa siku na mtu.

Halafu kuna jozi bandia. Maalim Seif Sharif Hamad alifariki 17 Februari 2021. Rais Magufuli alifariki 17 Machi 2021. Watu wengi wamezisambaza kama "tarehe moja". Namba ni moja, mwezi siyo. Kwenye ubao huu haziingii. Ukitaka iliyogongana kweli na Maalim Seif, siku ileile ya 17 Februari 2021 alifariki pia Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi wa serikali ya Muungano. Kadhalika usiiweke 12 Disemba ya uhuru wa Kenya na 12 Januari ya Mapinduzi. Ukitaka jozi ya Kenya na Zanzibar, ipo safi kabisa: 16 Disemba 1963, nchi hizo mbili ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Na angalia kalenda ya mwenzako vilevile. Amri ya Sayyid Hamoud ya 6 Aprili 1897 inapenda kuwekwa karibu na ufunguzi wa michezo ya kwanza ya Olimpiki ya zama hizi, Athens, 6 Aprili 1896. Ni sawa, ila Wagiriki wenyewe siku hiyo waliiandika 25 Machi, maana walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani. Mstari mmoja wa maelezo chini ya karatasi unatosha.

Hatua ya nne: saa ya huko ilikuwa saa ngapi hapa?

Jozi ya 12 Januari inayopendwa sana ni Mapinduzi na tetemeko la ardhi la Haiti, 2010. Tetemeko lilipiga saa 10:53 jioni kwa saa za Haiti. Hapa Zanzibar ilikuwa saa 6:53 usiku, na kalenda ya ofisini ilikuwa imeshahamia 13 Januari. Je, iingie? Mimi naiingiza, kwa kanuni kwamba kila tukio linashika tarehe ya mahali lilipotokea. Wewe unaweza kuamua vingine. Lakini amua mara moja, iandike kanuni kwenye jalada la ndani la kaunta buku, na usiibadilishe pale tu inapokufaa.

Chernobyl, 26 Aprili 1986, inagongana na siku ya Muungano na haina matata hayo. Kinu kiliripuka saa 7:23 usiku kwa saa za huko, nasi hapa ilikuwa saa 6:23. Tuliponea dakika 23 tu, la sivyo kwetu ingekuwa bado 25 Aprili.

Hatua ya tano: fuata uzi

Jozi nzuri ni ile inayokupeleka mahali. Rudi kwenye 15 Aprili. Kimbunga cha 1872 kiliacha mambo mawili makubwa. La kwanza ni Pemba: kule upepo haukuharibu kama Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. La pili ni kwamba Sayyid Barghash alibaki bila meli za maana. Akaagiza mpya kutoka Scotland, nayo ikapewa jina la Glasgow.

Sasa pindua daftari mpaka 27 Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini amefariki siku mbili nyuma, Khalid bin Barghash ameingia kasri, Waingereza wamekataa. Saa 3:02 asubuhi manowari za Kiingereza zinafyatua. Glasgow, iliyonunuliwa kwa sababu ya kimbunga, inajibu mapigo na kuzamishwa palepale mbele ya kasri. Vita vinakwisha kwa dakika kati ya 38 na 45, kutegemea umeanza kuhesabu wapi na umeishia wapi. Watu karibu 500 wa upande wa kasri wameuawa au kujeruhiwa. Maji ya bandarini hayakuwa na kina cha kuificha meli nzima, kwa hiyo milingoti yake ikabaki imesimama juu ya maji, kila anayefika Unguja kwa chombo akiiona. Mabaki hayo yalikuja kuvunjwa mwaka 1912. Ndiyo, mwaka uleule wa Titanic.

Hiyo ni kazi ya wiki moja ya darasa, na imetoka kwenye tarehe iliyoonekana ya mchezo.

Jozi nyingine ninayoipenda ni 19 Oktoba. Mwaka 1856 Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini karibu na Ushelisheli, akiwa njiani kurudi Zanzibar kutoka Muscat. Mwaka 1986, miaka 130 baadaye, Rais wa Msumbiji, Samora Machel, alifariki ndege yake ilipoanguka Mbuzini, akiwa njiani kurudi Maputo kutoka Zambia. Watawala wawili wa mwambao mmoja, wote njiani kurudi nyumbani. Haithibitishi chochote, lakini haisahauliki.

Hatua ya sita: andika karatasi

Tukio moja, mwaka mmoja, mahali pamoja, jambo moja la kushika. Usizidishe matukio matatu kwa siku. Hii ni ya 27 Agosti, kama ingekuwa ukutani:

*27 AGOSTI*

*1883, Jumatatu. Mlima wa Krakatoa, kati ya Java na Sumatra, unaripuka. Zaidi ya watu 36,000 wanakufa, wengi kwa mawimbi. Kisiwani Rodrigues, katika Bahari yetu hii ya Hindi, kilomita karibu 4,800 kutoka huko, watu wanasikia ngurumo na kudhani ni mizinga ya meli.*

*1896, Alhamisi. Unguja mjini. Safari hii ni mizinga kweli. Kasri la mfalme linapigwa na manowari za Waingereza, Glasgow inazama. Sayyid Khalid anakimbilia kwa balozi wa Ujerumani.*

*Swali la leo: Meli ya Glasgow ilinunuliwa kwa sababu gani? Jibu liko kwenye karatasi ya 15 Aprili.*

Ona kwamba karatasi haisemi "ajabu!" wala "amini usiamini". Mizinga ya Rodrigues na mizinga ya Unguja zimewekwa jirani, msomaji ataunganisha mwenyewe. Swali la chini nalo si pambo. Linamrudisha mtu ubaoni.

Ubandike jioni ya siku iliyotangulia, si asubuhi yenyewe. Wanafunzi wa zamu ya asubuhi huingia kabla hujafungua pini.

Hatua ya saba: kujua kipi kisiwekwe jozi

Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander nje ya Nungwi, ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Karibu kila kijiji cha Pemba kina mtu wa kumkumbuka. Tarehe 18 Julai ni pia siku aliyozaliwa Mandela, na nimeiona jozi hiyo ikitolewa kama kichekesho cha kalenda. Usifanye. Siku kama hizo ziache na tukio moja tu, jina la chombo na mwaka, na mwalimu wa dini au wa darasa aombe dua kama wenyewe wanataka.

Tarehe 7 Aprili ni ya kufikiri zaidi. Ndiyo siku ya Karume. Ndiyo siku Shirika la Afya Duniani lilipoanza rasmi mwaka 1948. Na ndiyo siku mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipoanza mwaka 1994. Hapa ningeweka Karume na Rwanda kwa maneno machache, nikaipeleka afya ukurasa wa pili wa ubao. Mwingine angeacha yote isipokuwa Karume, na nisingembishia.

Mambo ya siasa yatazua mjadala, hasa Januari. Andika nini kilitokea, wapi, na lini. Nani alikuwa na haki waachie watu wa maskani, wana muda mwingi kuliko ubao.

Na ile siku ya 366

Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar na kisha wa Tanzania, alifariki 29 Februari 2024 na akazikwa kijijini kwao Mangapwani. Hiyo ni tarehe ambayo kalenda inaipa kila baada ya miaka minne. Mwenzake ni mzito: usiku wa 29 Februari 1960, katika siku za mwanzo za Ramadhani, tetemeko liliubomoa mji wa Agadir, Morocco, na maelfu ya watu wakafa.

Utakutana pia na kisa cha Columbus kuwatisha wenyeji wa Jamaica kwa kupatwa kwa mwezi, 29 Februari 1504. Kipitishe kwenye hatua ya pili kwanza. Tarehe hiyo ni ya kalenda ya zamani. Kwa kalenda ya leo ingekuwa 10 Machi. Mimi nimekiacha nje.

Kwa miaka isiyo na 29, karatasi ya Mzee Mwinyi ibandike 28 Februari mchana na uiache mpaka 1 Machi asubuhi, tarehe yake halisi ikiwa imeandikwa juu kwa kalamu nene. Mwaka 2028 itakuwa na siku yake yenyewe, Jumanne. Iandike sasa kwenye kaunta buku, kwa sababu mpaka wakati huo ubao huenda uko mikononi mwa mtu mwingine.